Mjomba, wahariri wamenyamaza miezi minane, hadithi niimwage Facebook?

Shikamoo Mjomba.

Mimi ni dada wa miaka 27, niko Morogoro, nafanya kazi steshenari. Nachapa CV za watu, barua za maombi ya kazi, mikataba ya kupangisha, naprinti, natoa kopi. Jioni duka likifungwa huwa nabaki na kompyuta ya bosi (anajua, asije akasoma hapa akashtuka) naandika hadithi zangu fupi. Sijawahi kuchapishwa popote.

Mwezi wa pili mwaka huu nilimaliza hadithi moja ambayo kwa mara ya kwanza niliisoma nikajiambia hii sasa ni hadithi. Inamhusu fundi cherehani mzee ambaye mtaani kwao ndiye anayekata sanda za watu wote, hatozi hela, halafu siku moja anaitwa akate sanda ya mtu aliyemdhulumu kiwanja. Ina maneno 3,200. Nikaituma kwenye jarida moja la mtandaoni, jina silitaji, lina watu wanaoheshimika. Dakika ileile nikajibiwa, nikaruka juu mpaka mteja akaniuliza dada vipi, kumbe ni kile kimeili kinachojituma chenyewe, "Asante kwa kutuma kazi yako, utapata jibu ndani ya miezi mitatu".

Mjomba leo ni mwezi wa kumi.

Nimekuwa kama mtu aliyekopesha hela. Asubuhi kabla sijawasha mashine ya kopi naangalia imeili, mchana naangalia, usiku bando likiwa linaisha naangalia kwa zile MB za mwisho. Kuna na ile Submittable waliyotumia kupokea kazi, ukiingia inakuonyesha hadithi yako iko hatua gani, ilikuwa imeandikwa imepokelewa, mwezi wa nane ikabadilika ikawa inashughulikiwa, basi wiki ile nzima sikulala nikajua tayari. Hakuna kitu. Mpaka leo inashughulikiwa.

Kinachoniumiza zaidi ni rafiki yangu mmoja, anaandika simulizi za mapenzi. Anaweka episodi kumi Facebook bure, ukitaka zilizobaki unamtumia buku mbili anakuingiza kwenye grupu la WhatsApp. Mwezi uliopita kanunua friji. Friji Mjomba! Akaniambia wewe endelea kusubiri hao wazungu wako, na hao wahariri wala si wazungu, ni Waafrika wenzetu.

Sasa nikiri na kosa langu. Nimewaandikia mara tatu. Ya kwanza mwezi wa sita, kwa adabu. Ya pili mwezi wa nane baada ya ile kubadilika. Ya tatu wiki mbili zilizopita, saa tisa usiku, nikaandika "kama hadithi ni mbaya semeni tu, si kunyamaza kama mnadaiwa". Nikabonyeza. Asubuhi nilitamani ardhi ipasuke.

Naomba unishauri, niiweke tu Facebook watu wasome yaishe? Kuna jamaa ana namba ya WhatsApp ya mhariri wao, nimtafute huko nimuombe radhi na nimuulize? Nikiituma jarida lingine hiihii ni kosa? Na je inawezekana hadithi yenyewe ni mbovu kiasi kwamba wanaona aibu kuniambia?

Ni mimi,
Mchapaji wa Moro

---

Marahaba mpwa wangu.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo linalokukosesha usingizi, hayo mengine ni ya utaratibu tu. Hapana, hakuna mhariri anayeona aibu kukataa hadithi mbovu. Hadithi mbovu ndiyo rahisi kuliko zote kuijibu, na nalijua hilo kwa sababu na mimi nilishakaa upande wa pili wa hiyo inboksi.

Miaka ya nyuma nilijitolea kusoma hadithi kwa ajili ya kijarida kimoja kidogo, hatukuwa tunalipwa hata nauli. Nilikuwa nasoma Jumapili baada ya kula, au kwenye daladala kama nimepata siti. Hadithi inayoanza na alamu kulia halafu mhusika anaamka anajiangalia kwenye kioo anatuelezea sura yake, hiyo nilikuwa nimeshajua jibu kabla hajapiga mswaki. Siku hiyohiyo naandika "asante, hatutaweza kuitumia", kwisha. Zilizokuwa zinakaa ni zile nilizozipenda lakini kuna kitu kinanikera, labda mwisho umekatika kama umeme, labda katikati kuna kurasa mbili za hotuba. Naiwekea nyota, najiambia nitaongea na mwenzangu, mwenzangu yuko safari, akirudi mimi nina kazi ya kunipa ugali, nyota inabaki palepale. Kuna moja ilikaa miezi kumi na moja. Nilipomwandikia mwenyewe kwamba tunaitaka, alinijibu sentensi moja tu, "Asante, imeshaolewa."

Nilicheka na nikaona aibu kwa pamoja. Alifanya sawasawa kabisa.

Ila usichukue hiyo stori ukaenda kujipa matumaini kwamba miezi minane maana yake wameipenda. Inaweza ikawa nyota, inaweza ikawa hakuna aliyeifungua, na kuna jambo la tatu ambalo waandishi wengi hawaliwazi, jarida lenyewe limekufa. Haya majarida yetu yanakufa kimyakimya, hayatoi tangazo la msiba. Mwanzilishi kapata kazi nje, fedha za mfadhili zimeisha, tovuti bado ipo, fomu ya kupokea kazi bado iko wazi na kile kimeili kinachojituma bado kinaahidi miezi mitatu kama kawaida. Kwahiyo leo hii kabla hujafanya lolote nenda kwenye tovuti yao uangalie tarehe ya kitu cha mwisho walichochapisha, na kwenye kurasa zao waliposti lini mara ya mwisho. Kama ni tangu mwezi wa tatu kimya, basi pole, hukunyamaziwa wewe peke yako.

Na hata yaliyo hai yamezidiwa. Sijui kama ulisikia ya Clarkesworld, lile jarida la Marekani la hadithi za kisayansi, kwa kawaida wanasifika kwa kujibu ndani ya siku chache tu, wengine wanakataliwa hata chai haijapoa. Mwezi wa pili mwaka 2023 mhariri wao, Neil Clarke, alifunga kabisa mlango wa kupokea hadithi kwa sababu ndani ya mwezi huo mmoja waliletewa hadithi zaidi ya 500 zilizoandikwa na mashine, watu wanaingia ChatGPT wanatoa hadithi wanatuma wakitegemea hela ya haraka. Wakafungua tena baadaye. Sasa lile ni jarida lenye watu na mfumo wake, fikiria kajarida ka watu wanne wenye kazi zao za mchana, kanapokea fungu kama hilo na hadithi yako imo humo katikati.

Hilo neno la inashughulikiwa kwenye Submittable naomba uache kulitazama, kwa faida ya moyo wako na ya bando lako. Linabadilika mtu wa upande wa pili akigusa kitu chochote, akimpangia msomaji, akiweka lebo, akiandika kanoti. Mtu anaweza kukaa siku moja akapanga mafaili ya watu mia mbili kwa mkupuo, wote mia mbili wakaona inashughulikiwa, wote mia mbili wasilale.

WhatsApp ya mhariri, achana nayo. Najua sisi ndivyo tunavyomaliza mambo, unamtafuta mtu anayemjua mtu, na ofisini kweli inasaidia. Lakini hapa unamkuta mtu yuko na familia yake saa mbili usiku, namba hakukupa yeye, halafu unataka akuhukumie kazi yako. Atakachokumbuka kuhusu wewe ni hiyo meseji, si yule fundi na sanda. Mtu aliyeniandikia hivyo na mimi nilimjibu vizuri sana na hadithi yake nikampa mwenzangu aisome maana nilijijua sitaitendea haki.

Facebook sasa. Hapa nataka unisikilize taratibu kwa sababu kuna mtego. Majarida mengi yanachotaka kwako ni haki ya kuwa wa kwanza kuichapisha hadithi. Ukishaiweka hadharani kwenye ukurasa wako, kwenye blogu, kwenye chaneli ya WhatsApp, wengi wao wanahesabu kwamba tayari imechapishwa, hata kama waliolaiki ni watu kumi na moja na wanne kati yao ni ndugu zako. Kuwatumia marafiki wawili watatu wakusomee wakukosoe hiyo haina neno. Lakini kuimwaga kwa hasira, ndani ya dakika moja unakuwa umejifungia milango mingi ambayo hata hujaigonga.

Na simaanishi simulizi ni kitu cha chini, rafiki yako mpe heshima yake, ile ni biashara halali na ina ufundi wake mgumu. Magazeti yetu yameuza kwa hadithi za kuendelea miaka na miaka, yeye kaihamishia kwenye simu tu. Kukata episodi pale ambapo mtu yuko radhi kutoa buku mbili saa sita usiku si kila mwandishi anaweza. Ila hadithi yako ya fundi haikatiki. Maneno 3,200, mzee mmoja, mkasi mmoja, kitambaa cheupe, utaandika "itaendelea" wapi, mkasi ukiwa hewani? Ukitaka friji na wewe, andika simulizi nyingine kabisa iliyozaliwa kuwa simulizi, umuulize mwenzako huwa anaikatia wapi. Hii ya fundi iache iwe ilivyo.

Kuituma kwingine wakati ingali kwao, inategemea na masharti yao. Rudi kwenye ukurasa wao wa masharti, tafuta sehemu wanayosema kama wanaruhusu hadithi kutumwa sehemu zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Wakiwa wanaruhusu, ulitakiwa uwe umeshatuma sehemu nne toka mwezi wa tatu, sharti ni moja tu, mmoja akikubali unawaambia wengine siku hiyohiyo. Wakiwa hawaruhusu, unaheshimu, lakini unaheshimu kwa muda waliouahidi wenyewe. Anayetaka hadithi ikae kwake peke yake naye awe na mbio, ndo maana hao Clarkesworld nao hawaruhusu ila wanajibu fasta. Mtu akuambie miezi mitatu na usitume kwingine, halafu afike wa nane, hiyo si posa tena ni kifungo.

Kwahiyo ushauri wangu ni kwamba uitoe. Usiwaulize tena, umeshauliza mara tatu, barua ya kuulizia ni moja, inatumwa muda waliosema ukipita kama mwezi hivi, ikikosa jibu ndani ya wiki tatu nne unaondoka. Kwenye Submittable kuna sehemu ya kuondoa kazi, bonyeza hiyo, na uwaandikie imeili fupi, nakuandikia kabisa uikopi:

"Habari za kazi. Naomba kuiondoa hadithi yangu niliyowatumia mwezi Februari mwaka huu. Samahani kwa lugha ya imeili yangu ya mwisho. Nawashukuru kwa muda wenu na nitafurahi kuwatumia kazi nyingine siku zijazo."

Basi. Usieleze ulikuwa na msongo, usieleze ilikuwa saa tisa usiku, wanaiona saa. Samahani moja inatosha. Na hiyo imeili yako wala haijaharibu maisha yako, mi nimewahi kuandikiwa kwamba nina roho ya kichawi, na yule bwana mwaka uliofuata tulichapisha kazi yake.

Kwa nini nakuharakisha kuitoa, sikia. Kuna Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, inafunguliwa Septemba 1 na kufungwa Novemba 1, yaani tukiwa mwezi wa kumi hapa bado una siku za kuhesabu. Wanapokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili chenyewe, huna haja ya kumtafuta mtu wa kukutafsiria. Ni maneno 2,000 mpaka 5,000, yako inaingia vizuri. Kiingilio hakuna hata senti, unatakiwa uwe raia wa nchi ya Jumuiya hiyo na umri kuanzia miaka 18, Tanzania tumo. Mshindi wa kanda anapata pauni 2,500 na mshindi wa jumla pauni 5,000. Na sharti lao kubwa, hadithi iwe haijachapishwa popote, umeona sasa Facebook ingekufanyia nini? Masharti yao yasome yote mstari kwa mstari kabla hujatuma, wewe unachapa mikataba ya watu, hii haitakushinda.

Nikuambie ukweli ili usije ukanilaumu, mwaka 2024 zilitumwa zaidi ya hadithi 7,000 kutoka dunia nzima. Majina yanaanza kusikika mwaka unaofuata, mwezi wa nne na kuendelea. Kwahiyo ni kusubiri tena, miezi mitano sita mingine, tofauti yake ni kwamba hapa tarehe ziko wazi, hakuna sababu ya kuchungulia imeili mwezi wa kumi na mbili. Ukikosa, mwezi wa tano fundi wako ni huru na anaanza safari ya majarida.

Katika hiyo safari utakutana na wa kukwambia hadithi yako imechaguliwa, lipia elfu hamsini uingizwe kwenye kitabu cha pamoja. Huyo anauza nafasi, hanunui hadithi. Wapo pia majarida ya Marekani yanayotoza dola tatu hivi ya kupokea kazi, hao si matapeli wote, ni utaratibu wa kule, lakini kwa mshahara wa steshenari mi ningeanza na ya bure.

Na tafuta daftari, lile la hesabu la mistari, hapo dukani si yapo. Mstari mmoja kila unapotuma, jina la hadithi, umeituma wapi, tarehe, wamesema watajibu ndani ya muda gani, tarehe ya kuulizia, tarehe ya kuondoka. Hizo mbili za mwisho ziandike siku ileile unayotuma, ukiwa bado una akili timamu, usisubiri kuziamua saa tisa usiku. Kuna tovuti zinafanya kazi hiyo, The Submission Grinder ni ya bure na inakuonyesha waandishi wengine walijibiwa na jarida fulani baada ya siku ngapi, Duotrope ni ya kulipia, ila majarida mengi ya humo ni ya Kiingereza, kwa majarida yetu daftari ndilo mwenyewe.

Jambo moja hukuliandika kwenye barua yako na mimi nimelitafuta mara mbili nisilione. Toka mwezi wa pili mpaka leo umeandika hadithi gani nyingine? Umenieleza imeili, bando, Submittable, friji la mwenzio, sijaona hadithi ya pili. Miezi minane kompyuta ya bosi inazimwa saa ngapi siku hizi? Sikugombezi. Mwenyewe nikiwa nasubiri jibu huwa siandiki, najidai napumzika. Nilichogundua ni kwamba ukiwa na hadithi tatu ziko nje kwa watu watatu, huwezi kukumbuka kuchungulia zote, na ukiwa na moja tu unailinda kama yai. Huyo aliyenijibu imeshaolewa alikuwa nazo saba zinatembea.

Kwahiyo wiki hii, kuitoa kwao Jumamosi, kuisoma upya kwa sauti Jumapili kwa sababu miezi minane hujaigusa na nina uhakika utakuta sentensi itakayokutia haya, kurekebisha, kuituma kwenye ile tuzo kabla ya Novemba 1, usingoje siku ya mwisho mtandao ukakuchezea. Nitumie na mimi kopi, nataka kujua yule mzee sanda aliikata au hakuikata, umenianzishia kitu ukakiacha hewani halafu unasema huwezi simulizi.

Na wakija kukujibu ile imeili ya saa tisa usiku, usiifungue ukiwa na mteja mbele yako.